Daraja Tuliloliomba kwa Magoti

Mtoto wangu wa tatu alifia upande usiofaa wa kijito. Nasema hili mapema ili msomaji aelewe kwa nini mwanamke mwenye haya kama mimi, niliyefundishwa na masista kusema pale tu ninapoulizwa, nilisimama siku moja mbele ya komisere wa zone, mkuu wa eneo letu lote, na kufungua kinywa.

Tulikuwa tumejenga Ruashi, pembeni kabisa mwa mji, mahali ambapo nyumba zilikuwa mpya na matofali yake bado yakinuka moshi wa tanuru. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli. Kati ya mtaa wetu na nyumba ya kuzalia ya masista palipita kijito. Wakati wa kiangazi tulikivuka kwa kukanyaga mawe, watoto wakiruka na kucheka. Mvua zikianza kilifika kifuani, maji mekundu, yenye nguvu ya kumwangusha mwanamume. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, na mama mwenye uchungu hawezi njia ndefu.

Uchungu wangu ulinishika mchana, mvua ikinyesha. Majirani walinibeba hadi ukingoni. Ng'ambo tuliwaona masista wawili wamesimama na mwavuli, wakituonyesha kwa mikono kwamba haiwezekani. Nilijifungulia kwenye majani, chini ya kikwembe cha kitenge ambacho wanawake walikishika kwa pembe zake. Mtoto alilia kidogo, kisha hakulia tena. Mmoja wao alimbatiza kwa maji ya mvua. Niliomba nguvu ya kutomlaumu mtu, na Mungu alinipa, ingawa polepole.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba tena, na mtoto alitazamiwa mvua zikiwa zimekolea.

Nyakati hizo Jumamosi zote zilikuwa za salongo. Kwa vijana ambao hawakuiona: ni kazi ya lazima kwa kila mkaaji, jembe au panga mkononi, kuzibua mitaro na kufyeka nyasi. Baada ya kazi tulikusanyika uwanjani mbele ya ofisi ya Chama. Tunaimba, tunacheza, shefu wa mtaa anatangaza mpango, tunapiga makofi, na mpango umepita. Sikumbuki hata mpango mmoja uliokosa makofi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka mikono mfukoni.

Mwisho wa kiangazi habari ilienea kwamba mgeni mkubwa wa Kinshasa angeshuka uwanja wa ndege wa Luano, na kwamba Jumamosi zote hadi siku ya kufika kwake zingekuwa za kufyeka kando ya barabara ya kwenda huko. Mimi nilitazama mawingu, nikatazama tumbo langu.

Jumapili tuliposali nyumbani kwetu na jumuiya ya mtaa, nililitoa lile lililokuwa moyoni. Tuombe Jumamosi chache tu, nilisema, tujenge daraja. Jirani yetu mwashi, mtu mwema lakini mwepesi kuwaka, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kuomba nini? Kila siku tunakata majani ya bengine! Ile shefu tumutupe mu mayi, aonje baridi yake!"

Aliyemjibu ni mzee wetu, mama aliyezaliwa upande wa Mitwaba, kaskazini kwetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambo, yaani bibi. Hata hakuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya mihogo aliyokuwa akiyachambua.

"Ukimutupa, yeye anajua kuogelea. Weye njo utaingia buloko. Na nani atatujengea kilalo, mwashi eko mu buloko?"

Tulicheka, na mwashi, aliyejiona yuko jela na daraja halina fundi, akacheka akakaa. Kisha Kambo alisema jambo lililotuongoza hadi mwisho: shefu asishtukizwe. Kama tunaomba mbele ya watu, yeye ajue kwanza, nyumbani kwake, kwa heshima.

Basi Ijumaa jioni tulimwendea, mimi na Kambo. Shefu alikuwa mtu mdogo wa mwili, shati limepigwa pasi, na macho ya mtu anayesikiliza kila gari linalopita. Sikumchukia. Kazi yake ilikuwa kuogopa kwa niaba yetu sote. Alitukaribisha, mkewe akaleta chai ya maziwa.

"Tumekuya kukuambia mbele, Baba Shefu," nilisema. "Kesho Komisere atafika. Tutaomba kilalo."

Alitua kikombe. "Bamama, kunyweni chai. Kilalo, hapana. Barabara ya Luano iko majani tu, na majani yake banaweka juu ya kichwa yangu. Mukisema kesho, miye nitasema sibajue."

"Utasema hautujue," Kambo alimwuliza, "na chai yako iko mu matumbo yetu?"

Shefu alicheka bila kutaka, lakini hakubadili neno. Tulimshukuru mkewe, tukaondoka.

Kesho yake uwanja ulijaa. Komisere aliketi mbele, abacost, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, imefungwa hadi shingoni, miwani nyeusi. Ilisemwa kwamba aliwahi kumpeleka mtu gerezani kwa kupiga mwayo wakati wa wimbo. Tuliimba vizuri siku hiyo. Nilitaka tuimbe vizuri. Kisha shefu alitangaza: Jumamosi zote, Luano, mtaa mzima, hadi mgeni afike.

"Sasa, makofi kwa mupango!"

Hakuna aliyepiga. Neno lilikuwa limezunguka nyumba kwa nyumba; hatukupiga kelele, hatukunung'unika. Nilisikia kuku akikwaruza nyuma ya ofisi. Shefu alirudia, sauti yake ikipanda, na bado hakuna aliyepiga. Mtoto akageuka tumboni mwangu.

Ndipo Kambo akapiga magoti kwenye vumbi.

Huko kwetu kaskazini, mdogo mwenye neno kwa mkubwa hampigii kelele. Anapiga magoti, anakunja viganja kama vikombe, na kuvigonganisha taratibu, sauti nzito inayotoka chini. Mkubwa akiisikia hawezi kuendelea na yake. Anajibu kwa viganja vyake mwenyewe, na akishajibu, anasikiliza. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyowafikia wakubwa wao. Lakini kijijini ni kijijini. Mbele ya ofisi ya Chama hakuna aliyewahi kujaribu, na hatukujua kama yule mwenye miwani angekumbuka alikotoka, au angependa kukumbuka.

Kambo alipiga. Nikapiga magoti kando yake, tumbo langu likigusa mapaja. Wanawake wote wakafuata, kisha mume wangu na wanaume wa reli, kisha mwashi, ambaye magoti yake yalikuwa magumu kwa kila kitu isipokuwa kanisa. Uwanja wote ulikuwa chini, ukigonga taratibu kwa pamoja.

"Simameni!" shefu alilia, akituita wananchi kwa Kifaransa cha Chama. "Hapa si mu mugini! Simameni, citoyens!"

Komisere aliinua mkono, na shefu akanyamaza. Kisha akavua miwani, akaiweka mfukoni, akakunja viganja vyake vinene, akatujibu.

Sijui namna ya kueleza kilichopita kati yetu wakati ule. Wanawake wengine walilia. Mimi nilisema kimya, "Ee Bwana, asante," kabla hata sijajua kama tungepewa chochote.

"Weye, mama mwenye tumbo," alisema. "Naona njo weye iko na neno. Simama."

Mume wangu alinishika mkono nikainuka. "Citoyen Commissaire, aksanti kwa kutujibia. Hatukatae Luano. Mugeni ni wetu sisi bote. Lakini kijito kinatukata na nyumba ya kuzalia, na mvua iko karibu. Tupimie kipande chetu cha barabara, tutakimaliza. Jumamosi zenye zitabakia, utuachie tujenge kilalo."

"Na kwa nini banaume banakuachia weye kusema?"

"Sababu miye njo nitavuka, Baba. Mwaka jana sikuvuka, na mutoto alikufa."

Komisere alitazama chini.

"Na kama hamutamaliza kipande?"

Mwashi alishindwa kujizuia. "Basi tutakata majani mpaka mugeni arudie kwake na azae wajukuu!"

Niliona watu wakijikaza wasicheke. Mdomo wa Komisere ulicheza kidogo pembeni.

"Jumamosi moja," alisema. "Kipande chote mu Jumamosi moja. Mukimaliza, zingine ni zenu. Mukishindwa, sitaki kusikia tena neno la kilalo." Kisha akamgeukia shefu, na sauti yake ikapoa vibaya. "Shefu. Ulijua hii mambo?"

Uso wa shefu ulikuwa kijivu. Akisema ndiyo, alimficha mkubwa wake. Akisema hapana, uwanja wote unajua tulikunywa chai kwake. Na sisi, tungeweza kumwacha hapo aliwe. Nilimwona mwashi akinyanyua kidevu, tayari. Kambo, bado kwenye magoti, alitangulia.

"Alijua, Baba. Alitupokea kwake na chai ya maziwa. Alitukatalia vizuri, bila matusi. Shefu wa namna ile hatujamupata mbele."

Yote yalikuwa kweli. Komisere alimtazama shefu, akamtazama Kambo, kisha akatoa kicheko kikubwa, cha mtu wa kijijini, ambacho sidhani ofisi ile ilikuwa imewahi kukisikia. Ndipo tukapiga makofi yale mengine, ya uwanjani, hadi mikono ikauma.

Jumamosi ya Luano tulitoka jogoo wa kwanza. Kipande tulichopimiwa kilikuwa kirefu kiasi kwamba aliyesimama mwanzo wake hakuuona mwisho. Nilikatazwa kushika panga, basi nilibeba maji na kuanzisha nyimbo. Tuliimba za Chama, zikaisha. Tukaimba za kanisa. Na pale jua lilipokuwa likiuma nilimwona shefu akija na panga lake mwenyewe, shati la pasi limekunjwa na kuwekwa juu ya jiwe. Alifyeka karibu na mwashi.

"Shefu, unakata kama unaandika," mwashi alimwambia hatimaye.

"Na weye unakata kama unagombana na muke yako."

"Unajua muke yangu?"

"Karitye yote inamusikia, mutaa muzima."

Kuanzia hapo walifyeka kama ndugu.

Komisere alifika kwa gari mchana ukielekea jioni. Aliteremka, akatembea kipande chote kwa miguu, polepole, sisi tukimfuata kimya tukiwa tumechafuka kama watu waliotoka shimoni. Aliinama mahali fulani kama aliyeona jani, akalichokoa kwa kidole. Kilikuwa kivuli. Alisimama mwishoni, akatugeukia.

"Zenu," alisema.

Sikumbuki furaha ya namna ile hata siku ya harusi yangu. Wanaume walirusha mapanga chini wakakumbatiana. Kambo alicheza katikati ya barabara ya mgeni, kikwembe kikimponyoka.

Daraja lilijengwa na mikono ya kila nyumba. Wenzake mume wangu waliomba vyuma vya zamani vya reli, wakapewa. Wanaume wa kiwanda cha shaba waliomba mapipa makubwa yaliyotupwa, wakapewa. Waliyakata vitako vyote viwili, wakayalaza kijitoni ili maji yapite ndani yake, na juu yake wakapanga vyuma. Wanawake tulibomoa kichuguu kikubwa, tukabeba udongo wake kwa mabeseni, maana udongo ule ukishindiliwa haujui mvua. Mwashi alipanga mawe. Na tulipopishana kauli, kama pembe ya ukuta igeuke huku au kule, tulifanya kama tulivyofanya uwanjani: mwenye neno alipiga viganja, wengine wakanyamaza hadi amalize. Shefu mwenyewe aliianzisha, na alimtoza mkatizaji beseni moja la udongo. Mwashi alibeba mengi kuliko wote.

Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja, mtaa ulitoka na miavuli na magunia vichwani kulitazama daraja. Maji yalifika kwa kishindo, yakagonga mawe, yakasita, kisha yakaingia kwenye vinywa vya mapipa na kutokea upande wa pili yakiunguruma. Udongo haukutikisika. Tulipiga vigelegele vilivyosikika hadi kwa masista.

Uchungu wangu ulianza asubuhi yenye mvua. Nilikataa kubebwa. Nilivaa kikwembe safi, nikashika mkono wa mume wangu upande mmoja na wa Kambo upande mwingine, nikatembea. Katikati ya daraja uchungu ulinisimamisha. Chini yangu maji yaliyomnyima njia mtoto wangu wa tatu yalipita kwa hasira, nami nilikuwa juu yake, nimesimama kwa miguu yangu mikavu. Nilipumua, nikaendelea.

Sista aliyenipokea mlangoni alitazama nyuma yangu akauliza, "Mama, hawa wote ni wa familia yako?" Niligeuka. Mtaa mzima ulikuwa umenifuata, umejazana juu ya daraja kwenye mvua. Mbele yao shefu alikuwa akipiga kelele, mikono juu, karibu alie:

"Shukeni! Shukeni, bantu ya Mungu! Tulipima mama moja mwenye tumbo, hatukupima karitye yote!"

Hakuna aliyeshuka, na daraja halikuinama. Kabla mvua haijakatika binti yangu alilia, akaendelea kulia, kwa sauti iliyowafikia wote pale walipokuwa wamesimama.