Ha Iliyokwenda na Kikohozi

Binti yangu wa kwanza tunamwita Chiriku. Alipokuwa mdogo aliongea tangu anafumbua macho mpaka usingizi unamkatiza katikati ya neno. Leo kazi yake ni kukata maneno ya watu wengine.

Anatengeneza video za shirika linalowapa watu wasiosikia vizuri vile vifaa vidogo vya kuvaa sikioni. Video hizo huwaonyesha wafadhili kwamba msaada wao umefika, na umebadilisha nini. Mpiga picha huenda kuwarekodi watu, kisha Chiriku hukaa na kompyuta akachagua maneno, akapanga picha, na kuandika maneno chini ya kioo ili hata asiyesikia aweze kufuata. Alichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi ya kabla ya hapo ilimponyoka wakati wa majaribio vilevile, kwa kuchelewa mara moja tu, akakaa nyumbani mwaka mzima akiniambia "niko sawa, mama" kwa sauti ya mtu asiye sawa.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa. Alhamisi mratibu wake akampigia simu: wafadhili wangeitazama video kesho yake saa tisa mchana, si wiki iliyofuata kama walivyokubaliana. Awe ameituma kabla ya saa nane. Na iwe dakika tatu kamili, isizidi hata sekunde.

Ijumaa ofisini kwao walikuwa wanaburuta viti vya wageni, kwa hiyo alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Mimi nilikaa mlangoni na ungo wa mchele, nikichambua huku jicho moja liko kwake. Alikuwa anatikisa mguu. Akitikisa mguu hivyo, najua mambo si shwari.

"Bado kiasi gani?" nikamuuliza.

"Sekunde kumi na moja za kupunguza."

"Mpunguze huyo anayesalimia. Salamu zake zimefika mpaka kwa wajukuu."

"Mama, huyo ni mkurugenzi. Nikimkata yeye, Jumatatu nakatwa mimi."

"Basi usiharakishe. Haraka haraka haina baraka."

"Na kuchelewa hakuna mkataba."

Alianza kukata vitu vidogo vidogo: pumzi, "mmh" za watu, na vikohozi. Vikohozi vilikuwa vya fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo kama mimi, aliyepoteza usikivu baada ya kuugua. Huyo ndiye aliyeibeba video yote. Alikuwa anaongea vizuri, ila kila sentensi ilikuwa na kikohozi chake.

Saa saba na dakika ishirini Chiriku akapiga makofi. "Dakika tatu kamili! Njoo uone."

Miwani yangu ilikuwa chumbani. Nikasimama nyuma yake na ungo wangu, nikasikiliza tu. Fundi akasema watu walikuwa wanampigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani. Kisha akasema, "Lakini hawa wa shirika wana dharau."

Nikajiambia labda sikusikia vizuri. Tena nikaona nikimchelewesha na kazi ikaharibika, mwaka ule wa "niko sawa" utarudi. Lakini nikauliza tu.

"Chiriku, huyo mama amegombana na shirika?"

"Agombane nalo vipi? Anawasifu."

"Nimesikia anasema wana dharau."

"Hawana, mama. Hawana dharau. Si imeandikwa hapa?"

"Sijasoma, sina miwani. Rudisha."

Akarudisha, akacheka. "Ha-wa-na. Umesikia?"

"Wewe unasoma. Hebu fumba macho."

Alifumba kwa kunifurahisha tu, ule mguu bado unatikisika. Fundi akasema tena maneno yake. Mguu ukasimama.

"Mama," alisema polepole, "ha imekwenda na kikohozi."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alisema "hawa wa shirika", akakohoa, akasema "hawana dharau". Chiriku alipokata kikohozi, mkasi ulipita na "ha". Sentensi ile alikuwa ameisikia mara mia, macho yakiwa kwenye maandishi, na macho yalikuwa yanalijazia sikio pengo lake.

"Wafadhili wakae ukumbini," alisema, mikono kichwani, "watukanwe na mtu waliyempa masikio!"

"Utalia Jumamosi. Sasa hivi rudisha kikohozi."

Akakirudisha. Video ikazidi kwa sekunde moja na kidogo. Tukatazamana, kisha sote tukamgeukia mkurugenzi pale kwenye kioo. Alikuwa anasema, "Kwa heshima na taadhima, nawakaribisha."

"Heshima ibaki," nikasema. "Taadhima iende."

Ikaenda. Dakika tatu kamili. Tukaisikiliza yote, sote tumefumba macho kama watu wanaosali, halafu akaituma. Ule mstari wa kutuma ulifika asilimia sitini na nne ukagoma. Nilizunguka meza mara sijui ngapi. Saa nane kasoro dakika mbili ukamalizika, na Chiriku akaegemea kiti kama gunia lililofunguliwa kamba.

Simu ya mratibu ilikuja baada ya saa kumi. Chiriku akaweka sauti kubwa nami nisikie.

"Dada, fundi alipokohoa ukumbi wote umecheka. Kuna mfadhili mzee amekohoa hivyohivyo tangu asubuhi. Akasema, 'Huyu ni ndugu yangu.' Jumatatu njoo utie saini mkataba wako."

"Asante, dada. Asante sana."

"Ila mkurugenzi anauliza taadhima yake iko wapi."

Chiriku akaniangalia, uso umemwiva. Huko kwenye simu tukamsikia mkurugenzi mwenyewe anacheka kwa nyuma. Ndipo na sisi tukacheka, mpaka ikabidi nikae chini.

Alihamia kwenye kochi akaanza kunipangia mambo ya Jumatatu. Nguo gani, atoke saa ngapi. "Na nikifika pale, kwanza nita…" Usingizi ukamkatiza hapo. Nikamfunika kanga.

Nikarudi kwenye mchele wangu. Mawe yote niliyoyatoa asubuhi nilikuwa nimeyarudisha humohumo bila kujua. Nikaanza upya, taratibu.