Bodi ya Mashine ya Gololi

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la tano alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi, karibu na soko la Tukuyu, akiwa na kapu la maparachichi. Nilidhani ameniletea zawadi. Akayatoa moja moja, akayapanga juu ya redio ya mteja, na chini kabisa akatoa bodi ya umeme, pana kama sinia, imefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii imekufa. Nimeambiwa wewe unafufua."

Nina miaka arobaini na mbili na nimeshatengeneza redio na televisheni nyingi tu wilayani hapa, lakini mbele yake mikono yangu bado hukimbilia nyuma ya mgongo. Nikamuuliza bodi ni ya nini. Akasema zamani kwenye klabu ya mameneja wa chai palikuwa na mashine ya kuchezea: meza iliyoinama yenye kioo juu, unarusha gololi ya chuma, halafu unaizuia isidondoke kwa vibao viwili vinavyopigwa na vitufe vya pembeni. Klabu ilipofungwa, vitu vikagawiwa walimu wa shule ya jirani. Wenzake walichukua viti. Yeye akachukua mashine. Tangu hapo ilikuwa sebuleni kwake Nkunga, haiwaki, na mke wake akawa anapangia vikombe juu yake.

"Sasa mama anataka kuweka kabati pale," akasema. "Nimemwomba mwezi mmoja."

Ugonjwa niliuona mara moja. Kulikuwa na betri iliyokazwa kwenye bodi ili mashine ikumbuke alama za wachezaji hata ikizimwa. Ilikuwa imevuja, na maji yake yamekula njia za shaba mpaka zikafanya ukoko wa kijani. Nikaing'oa, nikasugua bodi kwa siki na mswaki, nikaisuuza, nikaipaka spiriti. Kazi ikabaki kuikausha. Wiki ile tulikuwa hatujaliona jua, kwa hiyo nikaipeleka saluni ya jirani yangu, mwenye draya mbili za kukaushia nywele. Akaiweka bodi kwenye kiti chini ya draya moja. Chini ya ile nyingine alikuwa amekaa nesi mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, rola zimejaa kichwani. Aliitazama bodi kwa muda mrefu.

"Huyu naye kaweka dawa," akauliza, "au anakausha tu?"

Njia zilizolika niliziunga kwa nyaya nyembamba, nikabadilisha soketi zilizooza, nikafunga betri mpya mbali na bodi. Siku ya kuipima Mwalimu alikuja na kitabu cha mashine ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa kwenye stuli, akanisomea kwa sauti ya darasani. Kitabu kilisema bodi ikiwashwa hujipima yenyewe. Taa ndogo nyekundu hupepesa mara moja kwa kila sehemu iliyo nzima. Ikifika saba, bodi imepona.

Nikawasha. Taa ikapepesa mara mbili, ikanyamaza.

"Mbili kwa saba," akasema Mwalimu. "Rudia."

Nilirudia siku tatu. Nilipima kila njia kwa mita, nikabadilisha vipuri viwili ambavyo havikuwa na kosa lolote. Siku ya nne akafunga kitabu, akasema, "Nionyeshe ulivyofanya, hatua kwa hatua." Nikaanza kumweleza kwa kidole: hapa nilikata, hapa niliunga, hapa nilichomeka hiki kidude chenye miguu arobaini. Nilipofika hapo nikainama kutazama vizuri. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya tumbo lake. Miguu thelathini na tisa ndiyo iliyoingia kwenye soketi.

Nikaunyoosha. Taa ikapepesa mara sita.

"Sita," akasema.

"Ya saba haiwezi kutokea hapa, Mwalimu. Inataka umeme mkubwa wa mashine yenyewe, ule unaopiga vile vibao. Kitabu kinasema hivyo ukurasa unaofuata."

Akafunua ukurasa, akausoma wote, akakubali bila kufurahi.

Jumamosi nikapanda Nkunga. Mama alinipokea vizuri, akanipa chai na ndizi, akasema saa tisa watu wa jumuiya wanakuja kusali, kwa hiyo tuwahi. Nikafunga bodi mahali pake, tukawasha. Taa ndogo ikapepesa mara saba. Mashine nzima ikawaka rangi za kila aina, na Mwalimu akasimama na mikono pembeni, hagusi kitu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Halafu akacheza mpaka wageni wakaanza kuvua viatu mlangoni.

Kosa lililofuata ni langu. Nilimwambia asizime, maana bodi iliyotengenezwa inafaa ikae kwenye umeme saa moja ndipo uiamini. Akaifunika kitambaa.

Mzee wa kanisa alikuwa katikati ya sala tuliposikia mlango ukibishwa: ko.

"Karibu," akasema mama, macho yamefumbwa.

Hakuingia mtu. Sala ikaendelea. Ko. Mama akainuka, akafungua, akafunga. Mimi tayari nilikuwa nimeelewa. Mashine zile zina nyundo ndogo ndani ya sanduku, hugonga mbao mchezaji akishinda, na transista inayoiongoza ilikuwa imepata joto ikaanza kuropoka. Lakini ningesemaje katikati ya sala? Ko. Bibi mmoja mzee sana, aliyekaa mkekani, akasema, "Huyo ana haya tu, mwe. Mfuateni."

Aliyekwenda kumfuata akawa mama mwenyewe. Alizunguka nyumba, akarudi amemshika mkono jirani aliyekuwa anapita zake akitafuta mbuzi. Jirani alisema hajabisha mlango wowote. Wakamwambia asijali, wakamkalisha, wakamwekea chai, na mzee wa kanisa akamwombea kirefu, yeye na mbuzi wake, na lolote linalomfanya asite mlangoni mwa watu.

"Amina," akasema jirani.

Ko.

Wote wakamtazama jirani, kisha mlango. Mama peke yake alitazama kitambaa. Alikwenda akakivuta taratibu, na taa zote zikawaangaza wageni usoni.

"Ni mimi," nikasema. "Ni transista."

Mzee wa kanisa akauliza kama sala imekwisha, akajijibu kwamba imekwisha, akaomba aonyeshwe inavyochezwa. Yule bibi ndiye aliyetushangaza. Alipiga vile vibao kama anayefukuza kuku kwenye mahindi, gololi haikudondoka, na alipoondoka jina la kwanza kwenye alama lilikuwa lake.

Nilirudi wiki iliyofuata kubadilisha transista. Mama alikuwa ameweka kabati kwenye ukuta mwingine, maana jumuiya imeomba wiki ijayo wakutane palepale. Mwalimu alinisubiri mpaka mama ametoka.

"Mwanangu, hii bodi inaweza kusahau alama za mtu?"

Ukichomoa betri, inasahau zote kwa dakika chache.

"Haiwezekani, Mwalimu," nikasema.

Akaenda kunikatia mkungu wa ndizi.