Siku Shangazi Alipopiga Dari

Juzi, kwenye mahafali ya mpwa wangu, mpiga picha aligeuza flashi yake ikatazama dari, nikamkumbuka shangazi Mwanaidi.

Nilikuwa mtoto bado. Alasiri ile nyumba yetu ya Kariakoo ilinukia udi na pilau, na shangazi alikuwa akipiga picha za harusi ya dada yangu. Flashi yake, aliyoletewa kutoka Dubai, ilijichaji kwa mlio mwembamba kama wa mbu. Bibi, mama yake shangazi, alikuwa na macho mabovu. Kila mwanga ulipompiga, aliyafumba.

"Niacheni, nitawaharibia picha," akasema, akiinuka.

"Kaa, mama."

Shangazi akaiondoa flashi kwenye oto, ile hali ya kujipimia mwanga yenyewe, akaipandisha nguvu mwenyewe, akaielekeza juu. Nikadhani anamdanganya bibi kwamba anampiga picha.

"Shangazi, umepiga dari!"

Wanawake wakacheka. "Subiri zisafishwe," akanijibu.

Sasa naelewa: dari nyeupe humeza mwanga kidogo, na unaobaki hushuka kwa upole. Wakati ule niliona picha tu. Bibi ameketi kando ya dada, anatutazama. Ndiyo picha yake pekee ambayo hakufumba macho.