Nyuzi za Fenesi

Leo mchana mama anayeuza matunda nje ya geti la shule alipasua fenesi, na ile harufu ikanifuata mpaka darasani. Nilishindwa hata kuandika notsi.

Nikakumbuka siku moja nilipokuwa mdogo, nyumbani unga ulikuwa umeisha. Mama alirudi kutoka Mugango na fenesi bichi kichwani, akachomeka kijiti kwenye kikonyo chake ili liive haraka, akalisukuma chini ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, analinusa.

"Mama, limeshanukia!"

"Hiyo ni njaa yako ndiyo inanukia. Bado."

Siku ya pili mdogo wangu alikuwa ameshalegea kwa njaa, hata kulia halii tena. Mimi niliomba kimoyomoyo, Mungu, liivishe leo.

Jioni harufu tamu ikajaa chumba kizima. Mama akalipasua bila kupaka mafuta mikononi, maana mafuta nayo hayakuwepo, na utomvu ukamganda mpaka kwenye viwiko. Tulikula mpaka mdogo wangu akabeua kwa sauti, tukacheka wote. Mbegu tuliweka za kuchemsha kesho yake.

Mama alikuwa anatafuna zile nyuzi nyeupe ambazo watu wanatupaga. Nikamwambia, "Mama, chukua basi kipande chenye nyama."

"Kuleni, wanangu. Mimi hizi nyuzi ndiyo nazipendaga. Zina utamu wake."

Leo nimenunua kipande. Kabla sijagusa ile nyama ya njano, nimetafuna nyuzi kwanza, taratibu, mpaka zikaisha mdomoni. Hazina utamu wowote.