Vimondo vya Chamwino

Usiku mmoja wa Julai, nje kidogo ya Chamwino, tulilala chali kwenye mkeka watu watatu: mimi, jirani yangu mwalimu mstaafu, na mkewe. Tulikwenda kutazama vimondo. Upepo ulipenya makoti na blanketi, na kufikia saa tisa nilikuwa nimechoka hata kupiga miayo.

Kila kimondo kilipopita, yule mama, mkewe, alinyoosha kidole. "Kile pale, Mwalimu, juu ya kilima!"

"Nimekiona," mzee alijibu kila mara.

Mwishowe akashusha pumzi. "Mama, nimekudanganya. Presha ya macho imenimaliza. Sijaona hata kimoja."

"Najua," alisema mama, akimfunika miguu. "Tangu saa sita unatazama kwingine. Haya, sikiliza. Kinapita kikubwa, kina mkia wa kijani, kinaelekea Bahi."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza usiku ule. "Jirani, nawe umekiona?"

Nilikuwa nikitazama upande huohuo wa Bahi, na hapakuwa na kitu.

"Nimekiona, Mwalimu," nikasema. "Kikubwa kweli."

Kila wiki katika safu hii nawasema waongo. Wiki hii niruhusuni nipumzike.