Slaidi za Bi Mwanapili

Mzee Masoud wa Vitongoji ni mbishi, lakini kwa mkewe hafurukuti. Ubishi wake wote huwamalizia mafundi, na asubuhi ile alikuwa nao mtaa wa Jadida, kibandani kwa Haidar, fundi wa redio na kamera za zamani.

"Mzee wangu, chukua hii inayong'aa," Haidar alimwambia. "Hiyo nyengine imechubuka kama goti la mtoto."

"Mie sichumbii, natafuta kamera!"

Kisa chenyewe ni macho ya Bi Mwanapili. Yalikuwa yakififia, na daktari keshasema hayarudi. Picha ya mkononi haioni tena hata umsogezee puani, lakini slaidi ikimulikwa na projekta ikajaa ukuta mzima, bado huiona. Binti yao Khairat, anayeishi Ulaya, akaleta mkanda wa slaidi. Mmoja tu, siku hizi ni adimu. Mzee Masoud alitaka mkewe aione tena nyumba ya kwao Pujini kabla giza halijafunga. Kamera yake kubwa ilishaishinda mikono inayotetemeka, ndiyo akataka ndogo, ya kuminya tu.

Na slaidi, jamani, haina huruma! Mkanda wa kawaida ukikosea mwanga, msafishaji picha atakuokoa. Slaidi, ulichopiga ndicho hicho hicho. Mwanga ukizidi kidogo, uso wa mtu unakuwa chokaa.

Basi akaitoa ile kubwa, ambayo kipima mwanga chake hakijamdanganya maisha, akazielekeza zote tatu kwenye jamvi la karafuu zilizoanikwa nje, kisha ukutani, kisha kiganjani mwa Haidar. Kimshale cha ile inayong'aa kila mara kilidai mwanga zaidi. Cha ile iliyochubuka kilikwenda sawa na cha kamera kubwa.

"Hii hapa!" akasema, akaikumbatia.

Pujini alipiga mlango, kisima, mikarafuu, mawifi wote wa mkewe. Khairat akausafishisha mkanda huko huko aliko, akazirudisha slaidi. Alasiri moja wakafunga madirisha, projekta ikawashwa.

"Mlango wa mama!" Bi Mwanapili akapiga kelele. "Ee Mola, na kisima chetu!"

Slaidi ya mwisho ilikuwa imekwenda upande. Katikati alikuwa Mzee Masoud mwenyewe, mdomo wazi, akifukuza kuku kwenye karafuu. Mwanga umekaa barabara, hata mvi za kidevuni zinaonekana.

"Kha! Nani kapiga hii?"

"Mie, Baba Khairat. Uliiacha kamera barazani hapa, uliporudi kutoka Pujini. Nikaifuata sauti yako, nikaminya."

Bi Mwanapili akainuka, akapapasa mpaka ukutani, akauweka mkono juu ya shavu lile kubwa.

"Siku zote hizi nakusikia tu ukigombana," akasema. "Uso wako nilishaanza kuusahau."

Mbishi yule machozi yalimtoka, akanyoosha mkono kuizima projekta.

"Wee! Usiizime," mkewe akamwambia. "Bado nakutazama."