Sabuni Iliyolipiwa Kodi, Kisha Ikachukuliwa

Saa moja asubuhi jua halijavuka ukuta wa ua, na Bi Povu ameshika kola ya tano. Anaisugua kwa kipande cha sabuni kilichobaki ukubwa wa kidole gumba. Anakwenda polepole, kwa sababu kikiisha hana kingine.

"Zamani nilipaka sabuni bila kuitazama," anasema bila kuinua kichwa. "Siku hizi naionea huruma."

Ni dobi, ana miaka hamsini na minne. Jina la Povu alipewa na wanawake watano wanaofua naye katika ua huu, nyuma ya vyumba vya kupanga. Kuna masinki sita ya saruji, bomba moja na kamba zinazopishana hadi mwisho wa ukuta. Kwa mikono hii amesomesha watoto watatu, na mkubwa wao leo ni muuguzi.

Lakini asubuhi hii ana kinyongo, na hakifichi. Katoni ya sabuni waliyonunua yeye na wenzake imechukuliwa na maofisa wa kodi. Kesho saa tatu anatakiwa ofisini kwao akajieleze kwa nini anaendesha duka bila kibali. Asiporidhisha, faini ni 120,000. Hizo ni zaidi ya anazobakiwa nazo kwa mwezi mzima wa kufua.

"Duka!" anasema, na kuichapa kola kwenye saruji. "Mimi ambaye hata kiberiti sijawahi kuuza!"

Mambo yalianza miezi minane iliyopita, kodi ya mapato ilipofutwa na mahali pake kuwekwa kodi ya mauzo. Mishahara haikatwi tena. Badala yake kila kinachouzwa kinaongezwa kumi na tano kwa kila mia, kiwe gari au kiwe unga.

Bi Povu hakuwahi kulipa kodi ya mapato, kwa kuwa kipato chake hakikufika kiwango cha kukatwa. "Sheria yenyewe ilisema huyu mama mwacheni, hana kitu," anaeleza. "Sasa mtu yuleyule asiye na kitu wamemfuata mpaka kwenye sabuni."

Hesabu yake ni rahisi. Mche wa sabuni ulikuwa 2,000. Pamoja na kodi ni 2,300. Wateja wake wengi hulipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo asubuhi hana fedha ya mche mzima. Hununua vipande, kama alivyofanya kabla ya ile katoni. Kipande kilikuwa 200. Pamoja na kodi kingekuwa 230. Lakini sarafu ndogo iliyopo ni hamsini, basi mwenye duka hutoza 250.

Vipande kumi ni 2,500. Anayenunua mche kwa mkupuo analipa pungufu ya anayenunua kwa kudunduliza, na sabuni ni ileile.

"Wanasema haba na haba hujaza kibaba," anasema. "Haba na haba yangu mimi, inajaza kibaba cha nani?"

Mwenye duka, mzee mpole anayekata miche kwa waya, huona haya. Kwa kila kipande humpa peremende badala ya chenji. Bi Povu huzipokea kwa adabu na kuwagawia watoto wa wapangaji.

"Ni mtu mwema, shida si yeye," anasema. "Lakini nikifulia peremende, si shati la mtu litaliwa na sisimizi?"

Mteja mmoja anaingia kuchukua mashati yake. Ni mhasibu wa kampuni, na hapa uani wanamwita Kaka Mhasibu. Tangu kodi mpya ianze, hulipa siku anapoleta nguo, hangoji mwisho wa mwezi. Hakuombwa, aliona tu vile vipande vikizidi kuwa vidogo.

Hata hivyo, yeye anaitetea sheria. "Bibi, tuwe wakweli. Wapo wenye maghorofa ambao hawakuwahi kuandika mapato yao popote. Leo wakinunua gari, wanalipa. Zamani mimi mwajiriwa ndiye niliyebebeshwa mzigo."

"Hapo umesema kweli, sikubishii," anajibu Bi Povu. "Na wewe ulichookoa umekifanyia nini?"

"Nimeweka akiba, bibi. Usiponunua, hukatwi. Huo ndio uzuri wake."

"Haya, nifundishe. Mimi niache kununua nini? Mkaa wa pasi au unga?"

Kaka Mhasibu anacheka kidogo, kisha anaacha. Anakunja mashati yake mwenyewe, kazi ambayo si yake.

Nyumbani kwa Bi Povu pia sheria hiyo ina sura mbili. Mshahara wa binti yake muuguzi umeongezeka 48,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alizishika zile fedha akaona haya kuzitumia. Akamletea mama yake.

"Mama, hizi ndizo walizokuwa wananikata," alimwambia. "Nunueni katoni nzima, mwache kununua vipande."

Katoni ya miche ishirini, kwa bei ya jumla pamoja na kodi, ni 41,400. Wale sita wakagawana: kila mmoja miche mitatu, na miwili iliyobaki wakaikata kwa uzi, theluthi kwa theluthi. Kila mmoja akarudisha 6,900, ikanunuliwa katoni nyingine, na nyingine tena. Mwenye duka alipoteza wateja sita, lakini ndiye aliyewaelekeza kwa muuzaji wa jumla.

Ili asiwepo wa kunung'unika, Bi Povu alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa jina la kila mwenzake na 6,900 mbele yake. Akakitundika ukutani, juu ya bomba, kila mtu akione.

Wiki iliyopita, Jumanne mchana, maofisa wawili wa kodi waliingia. Walikuta sabuni inakatwa. Wakasoma lile boksi.

"Hizi ni bei, na hawa ni wateja," alisema mkubwa wao.

"Sio wateja, baba. Ni sisi. Tunagawana."

"Bidhaa ipo, wanunuzi wapo, bei ipo ukutani. Hilo ni duka. Kodi ya mauzo yako iko wapi?"

"Ningekuwa naiba ningeandika ukutani?" Bi Povu alimuuliza. Boksi likashushwa kuwa ushahidi, na katoni ikabebwa ikiwa na miche kumi na saba.

Yule ofisa mdogo ndiye aliyeibeba. Alipofika mlangoni akamgeukia na kusema chini kwa chini, "Mama, risiti ya kununulia mnayo? Itunzeni." Bi Povu anasema hatamsahau kijana yule, kwa kuwa angeweza kunyamaza.

Risiti anayo. Imekunjwa ndani ya kitambaa, imefungwa kwenye pindo la khanga yake. Inaonyesha kodi ya 5,400, imelipwa.

"Walishachukua chao," anasema, na sauti yake sasa inapanda hadi wenzake wanaacha kufua. "Kwenye hii hii sabuni! Sasa wanataka mara ya pili, kwa sababu tumegawana wenyewe kwa wenyewe. Kesho tukigawana chumvi?"

Binti yake amejitolea kulipa faini ili yaishe. Bi Povu amekataa. Kaka Mhasibu amemwandikia barua ya maelezo, hiyo ameipokea, na amemwomba aongeze mstari mmoja: sabuni, mkaa na unga viondolewe katika kodi hii.

Mama mmoja wa sinki la mwisho anatikisa kichwa. "Shoga, utahangaika bure. Mnyonge hana haki."

"Huyu mnyonge ana risiti," anajibu Bi Povu.

Wenzake wote watano, hata huyu wa sinki la mwisho, wamekubaliana kwenda naye. Kesho ua hautafua mpaka warudi. Anakamua shati, analikung'uta mara mbili, analianika.

"Sitawaambia wanionee huruma," anasema. "Nitawaambia kodi nimelipa, nataka sabuni yangu."